Kusoma Mwandiko wa Kale wa Kilatini

Wako watu wadhanio kuwa mtu akiisha kujua Kilatini, basi aweza kusoma kila kitu kilichoandikwa kwa Kilatini. Sivyo. Mtu aweza kuwa amesoma sarufi miaka mingi, akajua kugeuza majina na vitenzi pasipo kukosa, na hata hivyo akifunuliwa kitabu kilichoandikwa kwa mkono miaka mia saba iliyopita, asitambue neno moja katika mstari wa kwanza. Lugha aijua, mkono wa mwandishi haujui. Kujua lugha ni elimu moja, na kujua mwandiko ni elimu nyingine, nayo hii ya pili ndiyo tutakayo kuieleza hapa.

Pengine msomaji atauliza: Sisi tukaao Mwamkulu, katika nchi ya Mpanda, kati ya mashamba ya mpunga, tuna shauri gani na vitabu vya watawa wa Ulaya ya zamani? Jibu li karibu nasi. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 Mapadre Weupe wakakipokea, kikawa misioni. Katika misioni za Kikatoliki desturi ilikuwa moja: majina ya waliobatizwa, ya waliooana na ya waliokufa yaliandikwa vitabuni, tena kwa Kilatini, mpaka miaka ya 1960. Desturi hiyo haikuanza huku. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaamuru maparoko wawe na vitabu vya ndoa na kuandika majina ya wasimamizi wa ubatizo. Na kitabu cha Ibada za Kirumi cha mwaka 1614 kikaonyesha namna ya kuandika.

Mapadre wa kwanza hawakuandika kama watawa wa mwaka 1200, ni kweli. Lakini namna yao ya kukata maneno, ya kuandika miezi na ya kuweka alama juu ya herufi, waliirithi kwa wale wa kale, mkono kwa mkono. Kwa hiyo ajifunzaye mwandiko wa kale wa Ulaya hujifunza pia kitabu cha ubatizo cha babu zetu. Wala si jambo dogo. Wazee walioyaona mambo ya mwanzo wamekwisha kufa, na mara nyingi kitabu ndicho shahidi peke yake aliyebaki. Mjukuu ataka kujua babu yake alizaliwa mwaka gani. Padre ataka kujua kama hawa wawili watakao kuoana ni wa damu moja. Ukoo wataka kujua jina la bibi aliyekuja kutoka ng'ambo ya ziwa. Wote hao hungojea jicho la mtu mmoja asomaye.

Asili ya herufi zetu

Warumi wa kale walichonga mawe yao kwa herufi kubwa, na mambo ya kila siku waliyaandika kwa mwandiko wa haraka. Utawala wao ulipoanguka upande wa magharibi, mwaka 476, kila nchi ilishika njia yake. Ireland waliandika hivi, Hispania hivi, Italia ya kusini hivi, na katika Ufaransa karibu kila nyumba kubwa ya watawa ilikuwa na mkono wake, hata mtawa wa nchi moja akapata taabu kusoma kitabu cha nchi nyingine. Miaka ile, tangu 500 hata 1500 hivi, ndiyo iitwayo Zama za Kati.

Mfalme Charlemagne aliiona hatari hiyo. Mwaka 789 alitoa amri kwamba vitabu vya shule na vya Kanisa visahihishwe vema, kwa kuwa watu watakao kumwomba Mungu vizuri humwomba vibaya wakiwa na vitabu vyenye makosa. Mwalimu aliyemsaidia sana katika kazi ya shule ni Alcuin, mtu wa York katika Uingereza, ambaye tangu mwaka 796 hata kufa kwake mwaka 804 alikuwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Martino huko Tours. Wakati huo mwandiko mpya, uliokwisha anza kuonekana katika nyumba kama ile ya Corbie, ulienea katika nchi za mfalme. Herufi zake zilikuwa ndogo, za mviringo, kila moja ikisimama mbali na mwenzake, na maneno yakaachwa nafasi kati yao.

Tangu karne ya 12 wanafunzi waliongezeka, vitabu vikatakiwa vingi, na waandishi wakazibana herufi na kuzitia pembe. Huo ndio mwandiko uitwao wa Kigothi, nao wamsumbua mwanafunzi kupita yote. Herufi i, n, m na u ziliandikwa kwa vijiti vilivyosimama sawasawa, bila alama ya kuzigawa. Neno la Kilatini minimum, maana yake kidogo kabisa, likawa safu ya vijiti 15, na msomaji ahesabu mwenyewe wapi m yaisha na wapi i yaanza. Kwa sababu ya taabu hiyo waandishi walizoea kuitia i kijistari juu yake, nacho baadaye kikawa nukta. Ile nukta tunayowakaripia watoto kwa kuisahau ni dawa waliyoibuni waandishi waliochoka.

Karibu na mwaka 1400 wataalamu wa Florence, kama Poggio Bracciolini, walivitafuta vitabu vya zamani, wakaupenda ule mwandiko wa siku za Charlemagne na wale waliomfuata. Wakaufuata katika vitabu vyao, wengi wao wakidhani kuwa ndio wa Warumi wenyewe. Wapiga chapa wa Italia wakautwaa; herufi alizozitengeneza Nicolas Jenson huko Venice mwaka 1470 zasifiwa hata leo. Kwa njia hiyo zimetufikia sisi. Mtoto wa Mwamkulu aandikapo a, be, che ubaoni, aandika herufi zenye umbo lililopatikana katika nyumba za watawa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Sababu ya kufupisha maneno

Shida kubwa kuliko umbo la herufi ni maneno yaliyokatwa. Ili kuelewa kwa nini waandishi waliyakata, tuangalie walichoandikia. Karatasi ilichelewa kuenea Ulaya. Vitabu viliandikwa juu ya ngozi za ndama, za kondoo na za mbuzi, zilizolowekwa katika maji ya chokaa, zikawambwa, zikakwanguliwa kwa kisu hata zikawa nyembamba na laini. Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini uliochongwa ncha, na wino ulipikwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni pamoja na chumvi ya chuma.

Iko Biblia moja iliyoandikwa kaskazini mwa Uingereza katika nyumba za watawa za Wearmouth na Jarrow, iitwayo Codex Amiatinus. Ilikwisha kabla ya mwaka 716, mwaka ambao Abate Ceolfrith alifunga safari kuipeleka Roma, naye akafa njiani. Sasa iko Florence. Majani yake yapita 1,000, na ngozi zilizotumika zakadiriwa kuwa kama 500. Wafugaji wa Kisukuma wanaochunga ng'ombe katika mbuga zetu wataelewa mara moja ni mali gani hiyo kwa kitabu kimoja. Tena waandishi walifanya Biblia tatu za namna hiyo.

Basi, mahali palipo ghali hivyo, kila nafasi iliyookolewa ni faida, na kila neno lililokatwa lapumzisha mkono. Walakini waandishi hawakukata ovyo. Walikata kwa kanuni, na kila mwenzao aliyefundishwa aliijua kanuni. Hapo ndipo penye ufunguo wa elimu hii: alama si fumbo la kubuniwa maana, ni ada ya kujifunza. Mgeni akiingia katika shamba la mpunga uliochipua huona majani mabichi tu. Mwenye shamba huinama, akaangalia shina na mshipa wa jani, akang'oa gugu akauacha mpunga. Hakubahatisha, ameangalia mahali anapopajua.

Alama zenyewe

Zilizo nyingi kupita zote ni hizi. Kijistari juu ya vokali mara nyingi ni m au n iliyoachwa. Herufi p ina namna tatu ambazo mwanafunzi azikariri kabla ya zote: mkia wake ukikatwa kwa mstari, ni per, mstari ukipinda kutoka tumboni kuelekea kushoto, ni pro, mstari ukiwekwa juu yake, ni prae. Maneno hayo matatu hayafanani maana hata kidogo, na aliyeyachanganya amepotosha sentensi nzima. Alama mfano wa tarakimu 9 mwanzoni mwa neno ni con au com. Ikiinuliwa mwishoni mwa neno ni us. Alama mfano wa tarakimu 7 ni et, yaani na. Nayo yahesabiwa kuwa urithi wa Tiro, katibu wa Cicero, aliyesifiwa kwa kuandika upesi. Alama za namna hii ni maelfu, na mwaka 1899 Mwitalia Adriano Cappelli alizikusanya katika kamusi itumikayo hata sasa.

Majina matakatifu yana kanuni yao, nayo ni ya zamani sana. Wakristo wa kwanza walioandika Kiyunani hawakuandika jina la Mungu wala la Yesu kwa ukamilifu; waliandika herufi chache wakaweka mstari juu, kwa heshima. Walatini waliifuata desturi hiyo pamoja na herufi zenyewe za Kiyunani. Kwa hiyo katika XPS, yaani Christus, ile P si p ya Kilatini. Ni r ya Kiyunani.

Na hapa tupate mfano ambao wasomaji wetu huutazama kila Dominika. Herufi IHS tuzionazo katika altare na mavazi ya Misa huelezwa na wengi kuwa ni mwanzo wa maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya Yesu Mwokozi wa watu. Maana hiyo ni nzuri, nayo si haramu kuitafakari. Ila siyo asili yake. Asili yake ni herufi za jina la Yesu kwa Kiyunani, na ile H ni vokali e ya Kiyunani. Watu walipoisahau ada ya mwandiko, walitafuta maana kwa akili, wakapata iliyo njema. Katika jina la Bwana hakuna aliyepata hasara. Katika jina la baba wa mtu, mambo ni mengine.

Vitabu vya ubatizo

Tuje sasa katika vitabu vya misioni, tuone jinsi herufi moja iwezavyo kumdhulumu mtu.

Kwanza, miezi. Mwandishi akiweka 7bris, mtu asiyejua ada husema: mwezi wa saba, Julai. Sivyo. Hesabu ya kale ya Warumi ilianza Machi, na Septemba maana yake ni wa saba. Basi 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba. Asiyejua hili humzeesha mtu miezi miwili kwa kila cheti anachotoa.

Pili, tarakimu. Wafaransa na wenyeji wengine wa bara la Ulaya huandika 1 kwa mkono mrefu unaopanda kwanza, ikafanana na 7 yetu; nayo 7 yao huikata kiunoni kwa mstari. Msomaji asiyeangalia ataugeuza mwaka 1911 kuwa 1917.

Tatu, miisho ya majina. Kwa Kilatini jina hubadilika kwa kazi yake katika sentensi. Filius Iosephi ni mwana wa Yosefu. Wala hakuna mtu aitwaye Iosephi. Pauli ni wa Paulo mwanamume, Paulae ni wa Paula mwanamke. Tofauti ya baba na mama imekaa katika mwisho wa neno. Fil. lililokatwa laweza kuwa filius, mwana wa kiume, au filia, binti. Basi usikate shauri mpaka umeangalia kama karibu yake pana natus au nata.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: neno ignoti na neno Ignatii. La kwanza maana yake ni la mtu asiyejulikana. La pili ni la Ignasi. Katika mwandiko wa haraka, wino ukiwa umefifia, hukaribia sana. Mwenye haraka akisoma Ignatii amempa mtoto baba ambaye hakuwapo, na wajukuu wataulizana urithi na watu wasio ndugu zao. Akisoma ignoti mahali pa Ignatii, amemnyang'anya mtoto baba yake aliyekuwapo, na kumtia mama yake aibu kaburini. Hapo dawa ni kuzihesabu herufi, kuitafuta t na a ya mwandishi yule yule katika ukurasa mwingine, na kuzilinganisha. Kuyawaza yaelekeayo kuwa kweli hakutoshi.

Taabu kama hii pwani

Tusidhani kuwa taabu hii ni ya Kilatini tu. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla hakijaandikwa kwa herufi hizi. Ziko barua za mwaka 1711 zilizotoka Kilwa, zilizohifadhiwa Goa katika India. Herufi za Kiarabu kwa asili hazina p, wala hazitengi e na i, wala o na u. Hivyo katika mwandiko wa zamani neno pete laweza kusomwa biti, na msomaji hana budi kukijua Kiswahili ndipo akisome. Padre wa Kiingereza W. E. Taylor alipozikusanya tungo za Muyaka huko Mombasa, katika karne ya 19, msaada wake mkubwa ulikuwa Mwalimu Sikujua, mwenyeji aliyezijua lugha na tungo kwa moyo. Hati peke yake isingemtosha. Msomaji wa hati za pwani hujaliza vokali kwa kuijua lugha. Msomaji wa Kilatini hujaliza miisho kwa kuijua alama. Wote wawili wamekatazwa kujaliza kwa kupenda.

Kanuni za msomaji

Elimu hii ilipata kanuni zake kutokana na ugomvi wa haki. Mwaka 1675 Mjesuiti Daniel Papebroch alichapisha maneno ya kuzitilia shaka hati nyingi za zamani za nyumba za Wabenedikto, na hati hizo ndizo zilizokuwa ushuhuda wa mashamba na heshima zao. Mbenedikto Jean Mabillon hakujibu kwa matusi. Alikaa akazichunguza hati moja moja, ngozi, wino, mwandiko, mihuri na namna ya kuandika tarehe, na mwaka 1681 akatoa kitabu kilichoonyesha jinsi ya kutenga ya kweli na ya uongo. Papebroch aliposoma alikubali, akamwandikia kumpongeza. Kwa heshima ya wote wawili, na tufuate njia hiyo.

Kwanza, omba ruhusa ya paroko, na yaliyo siri ya watu yakae siri. Nawa mikono, uikaushe. Usifunue majani kwa mate, wala usibandike kitu juu ya palipochanika.

Pili, kabla ya kusoma neno lolote, tengeneza alfabeti ya mwandishi yule. Katika karatasi nyingine nakili a yake, t yake, r yake, na tarakimu zake zote, kutoka maneno usiyoyashuku, kama majina ya miezi na ya watakatifu.

Tatu, andika ulichokiona kabla ya kuandika maana yake. Neno lililokatwa, andika herufi zilizopo, na zile unazozijaliza uzitie katika mabano, ili ajaye baada yako ajue zipi ni za mwandishi na zipi ni zako.

Nne, pasiposomeka, weka nukta na kuendelea. Ukurasa wa kumi mara nyingi hufungua fumbo la ukurasa wa kwanza. Pakibaki giza mpaka mwisho, liache giza, useme hivyo wazi kwa aliyekutuma.

Tano, mpe mwenzako asome pasipo kumwambia wewe ulivyosoma. Mkipatana, vema. Msipopatana, rudini wote wawili kitabuni.

Sita, nakala ifanywe mapema. Mchwa wa nchi yetu hawajui Kilatini wala Kiswahili, na unyevu wa masika hausubiri. Kitabu kiwekwe mbali na ukuta, kiinuliwe kutoka sakafuni, mahali pakavu, na nakala ikae nyumba nyingine.

Kazi hii yataka mwalimu mwenye subira, jua la asubuhi dirishani, na karatasi. Katika Jimbo la Mpanda, lililoanzishwa mwaka 2000, mapadre vijana waliolelewa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano hawakupewa Kilatini kingi kama wazee wao. Nao walimu wa zamani waliokijua kidogo wapungua kila mwaka. Kwa hiyo twawasihi wenzetu wa Karema, wa Mpanda na wa kila misioni yenye vitabu vya zamani, wakae pamoja na maparoko wao, waanze na kitabu kimoja, hata kama ni kurasa mbili kwa juma. Na kila mtu atakayekuta alama au mkato ambao hatukuutaja hapa, na aunakili kama ulivyo, pamoja na neno lililotangulia na lililofuata, auhifadhi pamoja na ile alfabeti ya mwandishi, upate kumfaa atakayesoma kitabu hicho baada yake.